Uchovu sugu kwa waongoza watalii: dalili, chanzo na namna ya kulinda ari ya kazi

Kila mwaka msimu wa wageni unapoanza mwezi Juni, vijana wengi wa vijiji vya kanda ya kaskazini ya Tanzania huaga nyumbani na kwenda kuongoza watalii. Wengine hupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine huendesha magari ya wageni kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Kazi hiyo imejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi.

Lakini baada ya miaka kadhaa, baadhi yao hurudi wakiwa wamebadilika. Mtu aliyekuwa akisimulia habari za simba mpaka usiku wa manane sasa hataki hata kuulizwa. Anakuwa mkimya, mwepesi wa hasira, na simu ya ofisi ikiita uso unakunjamana. Majirani watasema ana maringo ya pesa za wazungu. Wengine watasema amelogwa, au amekuwa mvivu.

Mara nyingi si lolote kati ya hayo. Mtu huyo amechoshwa na kazi kwa kiwango ambacho usingizi wa usiku mmoja hautibu. Katika makala haya tunaeleza uchovu huo ni nini, unatoka wapi, na mwongoza watalii, kampuni na familia wanaweza kufanya nini. Tunasema mapema jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote: ari ya kazi inalindwa na mapumziko, na mapumziko yanahitaji akiba. Asiye na akiba hawezi kukataa safari hata siku ambayo mwili umegoma.

Uchovu sugu wa kazi ni nini?

Uchovu wa kawaida kila mtu anaujua. Umelima kutwa, umeoga, umekula, umelala, asubuhi umeamka na nguvu mpya. Uchovu sugu haufuati utaratibu huo. Unalala na kuamka umechoka vilevile, na kazi uliyokuwa ukiipenda unaiona mzigo.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu hali hii baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa katika kliniki ya bure jijini New York. Watu hao hawakuwa wavivu. Walianza kazi kwa moyo mkubwa, wakajitoa kupita kiasi, kisha nguvu zikawaishia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya. WHO haiiiti ugonjwa. Inasema ni hali inayotokana na shinikizo la kazi la muda mrefu ambalo halikushughulikiwa ipasavyo, na inataja mambo matatu yanayoitambulisha:

1. Kuishiwa nguvu za mwili na akili.
2. Moyo kuwa mbali na kazi, kuidharau, au kuisema vibaya.
3. Kuona kwamba huifanyi tena kazi yako vizuri.

Mtu anaweza kuwa na moja kati ya hayo kwa siku chache na akarudi sawa. Yakikusanyika na kudumu wiki kwa wiki, hapo ndipo pa kushtuka.

Kazi yenyewe ikoje?

Wageni wengi, na hata ndugu wengi wa nyumbani, huiona kazi hii kama matembezi yenye malipo. Tuiangalie kwa karibu.

Dereva anayeongoza watalii mbugani huamka kabla ya alfajiri kukagua gari, maana mageti ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na mgeni anataka kumwona chui kabla jua halijawa kali. Kutwa nzima anaendesha kwenye vumbi na rasta, macho yakitafuta wanyama, masikio yakisikiliza redio ya gari, mdomo ukieleza. Gurudumu likipasuka, linamsubiri yeye. Jioni wageni wakipumzika, yeye anaosha gari, anaongea na ofisi na kupanga kesho. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni saa saba au zaidi barabarani, na akifika hapo ndipo kazi ya kutafuta wanyama inaanza.

Mlimani ni vingine. Usiku wa kwenda kileleni, safari huanza karibu saa sita kutoka kambi zilizo juu kidogo ya mita 4,600, na kuendelea kwa baridi kali mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kule juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Mwongoza watalii anatembea huku akimwangalia kila mgeni: nani anayumba, nani ameacha kuongea, nani anatapika. Jua likichomoza wageni wanapiga picha. Yeye anaanza kuhesabu safari ya kuwashusha wote salama siku hiyohiyo.

Upande wa pwani, mjini Zanzibar, kuna wanaotembeza wageni kwa miguu Mji Mkongwe. Hawalali porini, lakini wana mzigo wao. Mahali palipokuwa na soko la watumwa Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, leo pana kanisa kuu la Anglikana na kumbukumbu ya watu waliouzwa pale. Mwongoza watalii anaweza kuisimulia habari hiyo ya uchungu mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Akiisimulia bila kuhisi kitu, atajiona amekuwa jiwe. Akiihisi kila mara, atarudi nyumbani na uzito kifuani.

Kwa nini kazi hii inachosha kuliko inavyoonekana?

*Uchangamfu ni sehemu ya kazi.* Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba watu hao hulipwa kwa kutumia mikono na akili, na pia kwa kupanga hisia zao ili abiria ajisikie vizuri. Mwongoza watalii yuko hivyohivyo. Mgeni amelipa pesa nyingi, na anatarajia mwenyeji mwenye furaha. Huenda usiku uliopita mwongoza watalii alipigiwa simu kwamba mtoto ana homa. Asubuhi lazima acheke. Kucheka huku moyo unalia kunakula nguvu nyingi, hata kama mwili umekaa kitini.

*Mgeni haishi ugeni.* Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba hakuna nyumba inayoweza kuchinja kuku kila siku. Kwa mwongoza watalii siku ya jembe haifiki. Wageni hawa wakiondoka uwanja wa ndege wa KIA asubuhi, wengine wanatua jioni, na kwao hiyo ni siku ya kwanza. Anatakiwa kuwa na bashasha ileile, maswali ni yaleyale, na hata wimbo wa kuwapongeza kambini ni uleule.

*Sehemu ya kipato ni bakshishi.* Wengi hutegemea tipu kuongezea posho au mshahara. Kwa hiyo kila siku ya safari ni kama mtihani ambao matokeo yake hutoka siku ya mwisho, ndani ya bahasha. Simba wakijificha au mvua ikinyesha, mwongoza watalii ndiye anayeumwa tumbo.

*Kazi ina misimu.* Wageni ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari. Masika ya Machi hadi Mei hupunguza wageni, na baadhi ya kambi za porini hufungwa kabisa. Novemba nayo, mvua za vuli zikianza, safari huwa chache. Anayejua kwamba ukame wa pesa unakuja hukubali safari tatu mfululizo bila kupumua.

Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka ya nchi nyingi, idadi ilishuka hadi takriban 620,000. Waongoza watalii wengi walirudi shambani au kwenye bodaboda. Wageni wamerejea, na mwaka 2024 walizidi milioni 2.1, lakini aliyeonja njaa ya mwaka ule bado anaogopa kusema hapana.

Dalili za kuangalia

Dalili hizi huja kidogokidogo, na mwenyewe anaweza kuwa wa mwisho kuziona. Kwa hiyo tumezigawa kwa jinsi zinavyoonekana.

*Unazoweza kuziona mwenyewe:*

- Unaamka umechoka hata baada ya siku mbili za kupumzika.
- Unatamani safari iahirishwe, hata kama unahitaji pesa.
- Unaeleza kama kinasa sauti: mdomo unaongea, akili iko kwingine.
- Swali la kawaida la mgeni linakuudhi.
- Kichwa, mgongo au tumbo vinauma mara kwa mara bila sababu iliyopatikana hospitali.
- Unahitaji pombe ili ulale, au kinywaji cha kuongeza nguvu ili uamke.

*Wanazoziona wenzako kazini:*

- Umeanza kuwasema wageni vibaya kila mkikutana.
- Unajitenga wakati wa kula.
- Unaruka ukaguzi wa gari au wa vifaa uliokuwa ukiufanya kwa makini.
- Unawakaripia wapagazi au wapishi kwa mambo madogo.

*Wanazoziona nyumbani:*

- Unakaa na simu saa nyingi bila kuongea na mtu.
- Watoto wanakuogopa siku ukirudi.
- Huulizi tena habari za shamba, mifugo wala majirani.

Hatari yake si ya mtu mmoja

Karani aliyechoka akikosea, barua huandikwa upya. Makosa ya mwongoza watalii aliyechoka hayafutiki hivyo.

Kule mlimani, ugonjwa wa mwinuko huanza kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Ukizidi, mgonjwa huyumba kama mlevi, huchanganyikiwa, au hupumua kwa shida hata akiwa amekaa. Hapo dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja. Kuna wageni wanaoficha dalili kwa sababu wamelipa na wanataka kilele. Anayeweza kugundua ni yule anayewatazama kwa makini. Akili iliyochoka huamini haraka mgeni akisema yuko sawa.

Barabarani, dereva aliyelala saa nne kwa usiku tano mfululizo anaweza kusinzia kwa sekunde chache bila kujua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita zaidi ya mita 20 kila sekunde. Sekunde tatu zinatosha kuvuka barabara na kuingia korongoni.

Jambo la kwanza: akiba ya kukataa safari

Ushauri mwingi kuhusu uchovu huanza na pumziko. Lakini mtu mwenye ada ya shule inayodaiwa hawezi kupumzika kwa kuambiwa. Ndiyo maana tunaanza na pesa.

Tuchukue mfano. Familia ya mwongoza watalii inatumia shilingi 300,000 kwa mwezi kwa chakula na mahitaji ya lazima. Miezi yenye safari chache ni minne: Machi, Aprili, Mei na Novemba. Miezi hiyo inahitaji shilingi 1,200,000. Akiweka shilingi 150,000 kila mwezi katika miezi minane ya kazi, kiasi hicho kinatimia. Kama anapata safari mbili kwa mwezi, ni shilingi 75,000 kwa kila safari, ziwekwe siku ileile bahasha inapofunguliwa, kabla hajafika mjini.

Hilo ni fungu la masika. Baada yake lipo fungu la pili, dogo zaidi: pesa inayolingana na safari moja. Fungu hili lisiguswe kwa harusi wala kwa simu mpya. Kazi yake ni moja. Siku ofisi ikipiga simu kwamba kuna wageni kesho asubuhi, na wewe umeshuka mlimani leo ukiwa umeisha kabisa, uweze kujibu kwa heshima, "Naomba hii apewe mwenzangu, nitachukua inayofuata."

Mahali pa kuweka papo pengi: kikundi cha kuweka na kukopa cha kijijini, SACCOS, akaunti ya benki, au huduma ya akiba kwenye simu. NSSF nayo hupokea wanachama waliojiajiri, kwa ajili ya uzeeni. Chagua mahali ambapo kuchukua pesa kunahitaji hatua mbili au tatu, ili usizitoe kwa hasira ya siku moja.

Jambo la pili: kujua haki ya kupumzika

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mipaka. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata pakiwa na saa za ziada, siku moja isizidi saa 12 za kazi. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, na saa 24 mfululizo kila wiki. Mapumziko ya siku yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 katika mazingira maalumu, kama mfanyakazi anayeishi mahali pa kazi. Likizo ya mwaka yenye malipo ni siku 28.

Shida ni kwamba waongoza watalii wengi huitwa kwa tripu, bila mkataba wa maandishi. Sheria hiyo ina kifungu kinachowagusa: aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya muda wake ikazidi miezi sita, anastahili likizo yenye malipo. Kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe ya kila safari, kampuni na idadi ya siku. Tunza ujumbe wa simu unaokupa kazi. Mgogoro ukitokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi husikiliza malalamiko ya wafanyakazi, na daftari lako litakuwa shahidi.

Jambo la tatu: kupunguza maigizo

Mgeni hahitaji mchekeshaji kutwa nzima. Anahitaji mtu anayejua, anayejali na anayemweka salama. Hayo yanawezekana hata siku ambayo huna kicheko.

Kuna njia ndogo zinazosaidia. Mkifika kwa tembo, zima gari, sema maneno machache, kisha waache wageni wasikilize tembo wanavyong'oa majani. Dakika kumi za kimya ni zawadi kwa mgeni aliyetoka mjini, na wewe unapumua. Baada ya chakula cha mchana, sema waziwazi kwamba utapumzika nusu saa na mtaendelea baadaye. Kama mko wawili, mmoja aeleze asubuhi, mwingine mchana.

Usiahidi usichokimiliki. Dereva anayeahidi faru amejifunga kamba shingoni tangu asubuhi. Anayesema, "Tutamtafuta kwa bidii, lakini pori lina mwenyewe," ameshiriki matumaini na wageni wake, na jioni hatabeba lawama peke yake.

Jambo la nne: kujifunza kitu kipya kila msimu

Kurudia maneno yaleyale huua hamu haraka kuliko kurudia njia ileile. Njia haiishi kwa anayejifunza.

Chagua jambo moja kwa kila msimu. Msimu huu ndege: Tanzania ina aina zaidi ya 1,100, na watu wengi mbugani hawaangalii juu kwa sababu wanatafuta simba. Jifunze habari za mlembe, ndege anayewaongoza watu mpaka penye asali, na jinsi Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wanavyomwita na kumfuata. Msimu ujao mimea: kwenye msitu wa Kilimanjaro kuna ua jekundu dogo, Impatiens kilimanjari, ambalo asili yake ni mlima huo tu. Msimu mwingine chagua nyota, au wadudu, au historia ya wazee wa kijiji chako na njia za zamani za biashara.

Andika kwenye daftari au simu jambo moja jipya uliloliona kila siku. Lisiwe kubwa. Nyumbu aliyezaa mbele ya gari, kinyonga aliyebadilika rangi, swali la mtoto wa mgeni lililokushinda. Kazi ikikuchosha, fungua daftari hilo. Litakukumbusha kwamba pori halijawahi kuwa lilelile.

Waulize wageni pia. Mkulima kutoka Uholanzi atakuambia wanavyokamua ng'ombe kwao. Mwalimu kutoka India atalinganisha tembo wa kwao na wa kwetu. Mazungumzo ya pande mbili hayachoshi kama hotuba.

Jambo la tano: mwili na wenzako

Kulala ni kazi pia. Kati ya safari moja na nyingine, tafuta angalau usiku mbili za usingizi kamili, ukiwezekana nyumbani. Mwongoza watalii huwahimiza wageni kunywa maji siku nzima na yeye mwenyewe akasahau. Jaza chupa yako kabla ya zao. Pombe huleta usingizi mbovu, na vinywaji vya kuongeza nguvu hukopa nguvu za kesho.

Tafuta wenzako wawili au watatu mnaoweza kuambiana ukweli. Hasa baada ya tukio baya, kama mgeni kufariki mlimani, gari kupinduka, au mpagazi kuzidiwa na baridi, usikae nalo peke yako. Kusimulia kilichotokea kwa mtu anayeijua kazi kunapunguza uzito. Katika jamii zetu mwanamume hufundishwa kunyamaza. Kimya hicho kimewagharimu wengi.

Kampuni inaweza kufanya nini?

Ratiba ndiyo dawa ya kwanza. Mwongoza watalii asishuke mlimani Jumamosi na kupandishwa tena Jumapili. Safari zigawiwe kwa zamu inayoonekana na wote, ili anayepumzika asihofu kwamba amesahauliwa. Malipo ya msingi yawe ya kutosha kula, ili tipu iwe shukrani na isiwe mshahara. Anayesema amechoka asiadhibiwe kwa kunyimwa safari mbili zinazofuata. Akiadhibiwa mmoja, wenzake wote watajifunza kuficha, na kampuni itakuwa na madereva wanaosinzia bila kusema.

Miezi ya masika inafaa kwa mafunzo: huduma ya kwanza, lugha, ndege, mimea. Mtu anayerudi msimu mpya na maarifa mapya hurudi na hamu.

Familia inaweza kufanya nini?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema tukimpokea mtu. Mwongoza watalii anaporudi nyumbani, yeye ndiye mwenyeji aliyekuwa akipokea wageni siku nane mfululizo. Naye anahitaji kupona.

Siku ya kwanza mwacheni aoge, ale na alale. Orodha ya madeni, michango ya harusi na bati zilizong'oka isubiri siku ya pili. Kimya chake cha jioni ya kwanza kisichukuliwe kuwa dharau. Ameongea siku nane, maneno yamemwishia. Naye ajue kwamba mke, mume au wazazi waliobaki wamebeba shamba na watoto peke yao. Wao pia wamechoka. Akishapumzika, zamu ya kuwasikiliza ni yake.

Pangeni bajeti pamoja. Familia inayojua kwamba kuna fungu la masika haitamsukuma mtu aliyeishiwa nguvu arudi barabarani ili apeleke pesa ya sherehe.

Lini kwenda kwenye kituo cha afya?

Uchovu sugu unaweza kufanana na sonona, na unaweza kuambatana nayo. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu kama, kwa wiki mbili au zaidi, huzuni haiondoki, usingizi na hamu ya kula vimepotea, hakuna kinachokufurahisha hata nje ya kazi, au huwezi kuacha pombe. Uchovu usioisha unaweza pia kutokana na upungufu wa damu, malaria, kisukari au ugonjwa mwingine unaopimwa na kutibiwa. Mtu akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kijana anayetaka kuingia katika kazi hii

Kazi ni nzuri, na anayeipenda hufika mbali. Kabla ya kukubali, uliza kampuni maswali haya: Nitalipwa kiasi gani bila kuhesabu tipu? Kati ya safari na safari nitapumzika siku ngapi? Nikiumwa mlimani au porini nani analipia matibabu? Mkataba ni wa maandishi? Masika nitakuwa na kazi gani?

Kampuni inayojibu maswali hayo bila kukasirika ni dalili njema. Na siku utakapopokea bahasha ya safari ya kwanza, toa fungu la kwanza uliweke akiba kabla hujanunua chochote. Hilo ndilo litakalokuruhusu, miaka mitano baadaye, kukaa nyumbani wiki moja mwezi Agosti na kurudi kwa wageni ukiwa na habari mpya za kuwasimulia.